MEZA YA PULU NDANI YA KIOO

Siku hizi meza ya pulu si kitu kigeni vijijini. Utaikuta barazani mwa duka au chini ya paa la kilabu. Ina kitambaa cha kijani au cha buluu, ina mifuko sita, na vijana huizunguka wakiwa na fimbo mkononi. Wengi wetu tumewahi kusimama tukatazama, hata kama hatukushika fimbo.

Lakini iko meza nyingine. Hiyo haina kitambaa, haina fimbo, wala haina mpira hata mmoja. Imo ndani ya kioo cha kompyuta au cha simu. Mtu hukaa kitini, akabonyeza, na mipira ikagongana mbele ya macho yake. Mlio nao unasikika: ko! Mpira ukiingia mfukoni utausikia ukitumbukia. Mzee akipita nyuma ya kijana anayecheza hujiuliza: Hivi humu ndani mna nini? Nani anaisukuma mipira hiyo? Na huyu kijana anajifunza kitu, au anamaliza muda na fedha bure?

Hayo ni maswali ya maana, na leo tutayajibu moja moja. Kwanza tutaeleza mchezo wenyewe na ulikotoka. Pili tutaeleza jinsi ulivyoingia katika kioo. Tatu tutafungua mashine tuone kazi yake. Mwisho tutapima faida na hasara.

MCHEZO ULITOKA WAPI

Michezo ya kupiga mipira mezani kwa fimbo ni mingi. Jina la ukoo wao ni biliadi. Katika ukoo huo wamo ndugu wawili wanaojulikana sana: pulu na snuka.

Snuka ilianza mwaka 1875 katika mji wa Jabalpur, nchini India. Wakati huo India ilitawaliwa na Waingereza, na maafisa wa jeshi lao walicheza biliadi ili kupitisha muda. Anayetajwa kuwa mwanzilishi wa snuka ni afisa kijana aliyeitwa Neville Chamberlain. Huyu si yule aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza vita vya mwaka 1939 vilipoanza. Ni majina tu yamefanana. Neno lenyewe, snuka, lilikuwa jina la utani la kuruta, yaani askari mgeni asiyejua kazi bado. Mchezaji aliyekosa mpira aliitwa hivyo kwa mzaha. Basi jina likashika.

Mashindano ya kwanza ya dunia ya snuka yalifanyika Uingereza mwaka 1927, na mshindi alikuwa Joe Davis. Hata hivyo watu wengi hawakuuona mchezo huo mpaka televisheni ya rangi ilipokuja. Uingereza ilianza kutangaza kwa rangi mwaka 1967. Mwaka 1969 kikaanza kipindi cha snuka katika televisheni ya BBC. Sababu yake ni rahisi. Mipira ya snuka ina rangi nane, na mtu mwenye televisheni ya rangi alitaka kuziona rangi.

Mchezo ukapendwa mno. Mwaka 1985, katika mji wa Sheffield, Dennis Taylor na Steve Davis walishindania ubingwa wa dunia. Walikwenda sawasawa mpaka mchezo wa mwisho, na katika mchezo huo mpaka mpira wa mwisho, ule mweusi. Taylor ndiye aliyeutumbukiza, akashinda kwa 18 dhidi ya 17. Ilikuwa imepita saa sita ya usiku, na watu milioni 18 na nusu walikuwa bado macho mbele ya televisheni zao. Katika nchi yenye watu wa namna hiyo, si ajabu mchezo huo kuingizwa upesi katika kompyuta.

SHERIA KWA KIFUPI

Kabla ya kuingia katika mashine, tujue kwanza kinachochezwa.

Meza ya snuka ni kubwa. Mahali pa kuchezea pana urefu wa milimita 3,569 na upana wa milimita 1,778. Mipira yote ni 22. Mmoja ni mweupe. Huo ndio unaopigwa kwa fimbo, na huo ndio unaoigonga mingine. Mipira 15 ni myekundu. Sita ni ya rangi nyingine, na kila mmoja una thamani yake:

Mwekundu: pointi 1.
Wa manjano: pointi 2.
Wa kijani: pointi 3.
Wa kahawia: pointi 4.
Wa buluu: pointi 5.
Wa waridi: pointi 6.
Mweusi: pointi 7.

Mchezaji hutumbukiza kwanza mwekundu mmoja, kisha mmoja wa rangi. Mwekundu ukiingia haurudi. Ule wa rangi hurudishwa mezani. Anaendelea hivyo, mwekundu halafu rangi, mpaka akose. Hapo zamu huenda kwa mwenzake. Wekundu wakiisha, mipira ya rangi hutumbukizwa kwa kufuata thamani, kuanzia manjano hadi mweusi.

Sasa hesabu, ndugu msomaji. Mtu akitumbukiza wekundu wote 15, na kila mara akafuatisha mweusi, atapata 15 kwa wekundu, na 15 mara 7, yaani 105, kwa mweusi. Jumla ni 120. Halafu kuna rangi za mwisho: 2, 3, 4, 5, 6 na 7, jumla 27. Vyote ni 147. Namba hiyo 147 kila mcheza snuka anaijua, maana ndiyo alama kamili.

Pulu ina meza ndogo zaidi na mipira 16. Katika ile inayochezwa na wengi, mipira ina namba. Mchezaji mmoja hutafuta ile ya 1 hadi 7, mwenziwe ile ya 9 hadi 15. Mweusi, namba 8, ni wa mwisho. Ukiutumbukiza kabla ya wakati wake, umeshindwa.

MEZA YAINGIA KATIKA KIOO

Kompyuta za kwanza zilikuwa kubwa, na wenye nazo walikuwa serikali, vyuo na makampuni makubwa. Baadaye zikatoka ndogo za kuwekwa nyumbani. Mojawapo iliyonunuliwa sana Uingereza iliitwa ZX Spectrum. Ilitoka mwaka 1982. Ilikuwa na ukubwa wa kitabu hivi, yenye vibonye vya mpira, na haikuwa na kioo chake yenyewe. Mtu aliiunga na televisheni ya nyumbani. Mchezo ulikuja katika kaseti, kaseti ile ile ya muziki. Uliiweka katika redio-kaseti, ukasikiliza mlio mkali kwa dakika kadhaa, ndipo mchezo ukatokea.

Kumbukumbu ya Spectrum ile kubwa ilitosha herufi 49,152. Chukua makala hii unayoisoma, uirudie kama mara tatu, kumbukumbu imejaa! Katika nafasi hiyo ndogo iliwapasa watu waingize meza, mipira 22, sheria zote na hesabu zote.

Rangi nazo zilikuwa shida. Spectrum ilikuwa na rangi nane tu: nyeusi, buluu, nyekundu, zambarau, kijani, samawati, manjano na nyeupe. Tazama vizuri orodha hiyo. Kahawia haimo. Waridi haimo. Na snuka inazihitaji zote mbili! Waliotengeneza michezo ya snuka kwa mashine hiyo walilazimika kutafuta ujanja.

Mwaka 1984 ulitoka mchezo wa kompyuta uliopewa jina la Steve Davis, yule yule aliyekuja kushindwa usiku wa mwaka 1985. Katika michezo ya wakati ule meza ilionekana kutoka juu, kama ndege aonavyo shamba, au kama ramani. Mipira ilikuwa vidoa vya mviringo.

Mwaka 1991 mambo yalibadilika. Mwingereza Archer Maclean, aliyezaliwa mwaka 1962 na kufariki mwaka 2022, alitoa mchezo wa snuka uliopewa jina la Jimmy White. Jimmy White ni mchezaji aliyeitwa Kimbunga kwa sababu ya kucheza haraka. Alifika fainali ya dunia mara sita, na mara zote sita akashindwa. Hata hivyo watu walimpenda mno. Mchezo wa Maclean uliendeshwa katika kompyuta zenye nguvu zaidi, kama Amiga. Amiga 500 ilikuwa na kumbukumbu zaidi ya mara kumi ya ile ya Spectrum. Kwa hiyo meza haikuonekana tena kama ramani. Mchezaji aliiona kama mtu aliyesimama kando yake. Aliweza kuizunguka, kuinama, na kutazama mpira kutoka upande wowote. Mpira wa mbali ulikuwa mdogo na wa karibu mkubwa, kama vile mti ulio mlimani unavyoonekana mdogo kuliko mgomba ulio mlangoni. Mzaha nao ulikuwamo. Mchezaji akikawia mno kupiga, mipira iliota sura ya mtu ikamfanyia vituko.

Mwaka 1992 Maclean akatoa mchezo kama huo wa pulu. Mwaka 1995 ukatoka mchezo mwingine wa pulu, uitwao Virtual Pool. Humo mchezaji aliweza kusukuma kipanya mbele na nyuma mezani, kama anavyosukuma fimbo. Waliouuza waliahidi kwamba utamwongezea mtu uwezo katika meza halisi, la sivyo arudishiwe fedha zake. Ahadi hiyo tutaipima hapa chini.

Siku hizi kompyuta ya nyumbani imekuwa ndogo zaidi, imeingia mfukoni. Ndiyo simu. Mchezo mmoja wa pulu ulioanza mwaka 2010, uitwao 8 Ball Pool, huchezwa na watu wengi mno duniani kwa njia ya intaneti. Huo ndio ambao pengine umeuona mkononi mwa kijana wako.

NDANI YA MASHINE MNA NINI?

Haya, tufungue mashine. Mipira imo? Haimo. Mna nini? Mna namba tu.

Fikiria shamba la mstatili. Ukitaka kumweleza mtu mahali ulipo mti mmoja, utasema: "Anzia pembeni pale, tembea hatua 50 kwenda kulia, halafu hatua 100 kwenda mbele." Namba mbili zinatosha, na hatapotea. Kompyuta nayo hufanya hivyo hivyo. Kila mpira una namba mbili: wa kulia kiasi gani, na wa mbele kiasi gani.

Mpira ukipigwa, kompyuta huongeza namba. Tuseme mpira mweupe uko 50 na 100. Nguvu uliyopiga ni ya kwenda 3 kulia na 4 mbele kwa kila mkupuo. Mkupuo wa kwanza utakuwa 53 na 104. Wa pili, 56 na 108. Wa tano, 65 na 120. Kila mara kompyuta hufuta picha ya mpira pale ulipokuwa, ikachora mpya mahali papya. Televisheni za Uingereza za wakati ule zilichora kioo mara 50 kwa kila sekunde. Jicho letu haliwezi kufuata upesi huo, kwa hiyo tunaona mpira unabingirika. Kumbe hakuna kinachobingirika. Ni kujumlisha tu.

Mpira ukifika ukingoni je? Kompyuta hubadilisha alama. Ilikuwa ikijumlisha 3 kwenda kulia. Sasa inatoa 3. Mpira unarudi. Ile 4 ya kwenda mbele haikuguswa, ndiyo maana mpira unarudi kwa mshazari, kama mpira unaotupwa ukutani.

Na kwa nini mpira husimama? Mezani husimamishwa na msuguano wa kitambaa. Ndani ya mashine hakuna kitambaa. Kwa hiyo mtu aliyeandika mchezo ameiagiza kompyuta: kila mkupuo, punguza kidogo zile 3 na 4. Zikifika sifuri, mpira umesimama.

Kazi nzito ni kugongana. Mpira wa snuka una upana wa milimita 52 na nusu. Kompyuta hupima umbali kutoka katikati ya mpira mmoja hadi katikati ya mwingine. Umbali ukipungua chini ya milimita 52 na nusu, imegusana. Lakini lazima ipime kila mpira na kila mwingine. Ni kama mkutano wa watu 22 ambapo kila mtu humpa mkono kila mwenzake. Mikono itashikwa mara ngapi? Wa kwanza atawashika 21, wa pili amebakiwa na 20, wa tatu 19, hivyo hivyo mpaka mwisho. Jumla ni 231. Kompyuta hupima jozi 231, na kuanza tena mkupuo unaofuata. Binadamu angechoka kabla ya chai. Mashine haichoki.

Sasa tuseme wazi: mashine haina akili ya mchezo. Haijui meza ni kitu gani, wala furaha ya kushinda. Mtu fulani alikaa chini, akaangalia mipira halisi inavyokwenda, akaijua hesabu yake, akaiandika iwe maagizo. Mfululizo wa maagizo hayo huitwa programu. Mashine hufuata tu. Kama mwandishi alikosea hesabu, mpira nao utakwenda mrama.

JINSI YA KUCHEZA

Michezo hii haifanani yote, lakini hatua zake zinakaribiana:

1. Tazama meza nzima. Usipige upesi. Tafuta mpira ulio na njia wazi mpaka mfukoni.

2. Lenga. Kwa kipanya, kwa vibonye, au kwa kidole, zungusha fimbo mpaka ielekee unakotaka.

3. Chagua mahali pa kuugonga mpira mweupe. Ukiugonga sehemu ya juu, utaendelea mbele baada ya kugonga mwingine. Ukiugonga chini, waweza kurudi nyuma. Ukiugonga ubavuni, utageuka zaidi ukifika ukingoni.

4. Pima nguvu. Mara nyingi kuna mstari unaorefuka kadiri unavyoongeza nguvu.

5. Piga, kisha tazama mpira mweupe umesimama wapi. Mchezaji hodari hafikirii pigo moja. Hufikiria: nikiutumbukiza huu, mweupe utanisubiri wapi kwa pigo lijalo?

JARIBU KWA GOLOLI

Siri kubwa ya kulenga waweza kuiona nyumbani, bila umeme wala kompyuta. Azima gololi tatu kwa watoto. Tafuta sakafu iliyo sawa na uchore duara dogo liwe mfuko.

Weka gololi ya kwanza mbali kidogo na duara. Hiyo ndiyo unayotaka iingie. Sasa chukua ya pili, uiweke nyuma yake ziguse, ili duara, gololi ya kwanza na ya pili ziwe katika mstari mmoja ulionyooka. Angalia vizuri mahali ilipo hiyo ya pili, kisha iondoe. Hapo ilipokuwa, ndipo gololi yako ya tatu lazima ifike. Rusha ya tatu ifike mahali pale pale, hata kama unatokea pembeni. Ile ya kwanza itaelekea kwenye duara.

Kwa nini? Kwa sababu vitu viwili vya mviringo vikigongana, kinachogongwa hufuata mstari unaopita katikati ya vyote viwili. Kompyuta nayo huhesabu hivyo hivyo, na mcheza pulu wa kilabuni hulenga hivyo hivyo, hata kama hakuwahi kuelezwa sababu.

JE, MTU HUJIFUNZA KWELI?

Turudi kwenye ile ahadi ya mwaka 1995. Je, mtu akicheza pulu ya kompyuta atakuwa hodari mezani?

Jibu letu ni kwamba jicho hujifunza, mkono haujifunzi.

Jicho hujifunza pembe. Mtu akiona mara mia kwamba mpira uliogongwa ubavuni unakwenda upande ule, atakumbuka. Atajifunza pia kupanga: kutumbukiza huu kwanza ili aupate ule baadaye. Sheria nazo atazijua, maana kompyuta haimsamehei mtu wala haigombani naye.

Lakini mkono ni jambo jingine. Katika kompyuta fimbo haitetemeki. Meza ya kompyuta ni sawa kabisa, haikuinama upande, wala kitambaa chake hakikuchanika au kulowa mvua. Ukiipa namba zile zile, itakupa jibu lile lile. Meza ya barazani haiko hivyo. Mguu mmoja umewekewa kipande cha ubao, ukingo umechoka, na mkono wako mwenyewe hausukumi sawasawa mara mbili. Tena michezo mingi ya simu huchora mstari wa kuonyesha mpira utakapokwenda. Mezani hakuna mstari. Kijana aliyezoea kuonyeshwa njia atashangaa siku ya kwanza akishika fimbo ya mti.

Ni kama kusoma kitabu cha kilimo. Kitabu kitakueleza nafasi ya kupandia na wakati wa kupalilia, na hayo ni ya thamani. Ila jembe hutalizoea kwa kusoma. Kila kimoja kina kazi yake.

SARAFU ZA PICHA, SHILINGI ZA KWELI

Sasa tufike kwenye jambo linalogusa nyumba zetu.

Mchezo wa kaseti wa mwaka 1984 ulinunuliwa mara moja, basi. Ungecheza mpaka uchoke, hakuna aliyekudai tena. Mingi ya simu ya siku hizi haiko hivyo. Kuupata ni bure. Katika 8 Ball Pool, kwa mfano, wachezaji wawili huweka sarafu za mchezo, na mshindi huzichukua zote. Sarafu hizo ni picha tu. Huwezi kupeleka dukani ukapewa sukari. Lakini zikikuisha, mchezo unakuuzia nyingine, na hapo hulipi kwa picha. Unalipa kwa fedha za kweli.

Tuseme kijana ananunua sarafu za shilingi 1,000 kila siku. Elfu moja si kitu, atasema. Fanya hesabu. Kwa siku 30 ni shilingi 30,000. Kwa siku 365 ni shilingi 365,000. Hizo ni daftari ngapi? Ni mifuko mingapi ya mbolea? Nazo zimekwenda kununua vitu ambavyo, kama tulivyoona, ni namba tu ndani ya mashine.

Kwa hiyo tunashauri hivi:

Kwanza, soma kabla ya kubonyeza. Maandishi yakitokea kwenye kioo, usibonyeze kwa kubahatisha. Yakiwa ya lugha usiyoijua, mwulize anayejua. Ukiona bei, simama.

Pili, namba ya siri ya fedha zako za simu usimpe mtoto, hata kama anakubembeleza: "Baba, nisaidie tu mara hii."

Tatu, tenga muda. Mchezo baada ya kazi ni mapumziko. Mchezo mahali pa kazi ni hasara.

Nne, usichezee fedha, kwenye kioo wala kwenye meza ya kilabuni. Mchezo ukitiwa fedha, anayeshindwa harudi nyumbani na furaha, bali na deni.

Tano, usimpige marufuku kijana bila kumsikiliza. Keti naye. Mwambie: "Mwanangu, nionyeshe unavyolenga." Umwulize kwa nini mpira umekwenda pale. Akieleza pembe na nguvu, anajifunza hesabu. Akishindwa kueleza, mfundishe ile ya gololi. Pengine yeye ataelewa zaidi, na wewe utaheshimika zaidi.

Ndugu wasomaji, mtu asiyejua kilichomo katika mashine huiogopa, au huiabudu. Sisi tuliojifunza kusoma, kuandika na kuhesabu hatuna haja ya kufanya lolote kati ya hayo. Tumeona kwamba nyuma ya kioo kuna kujumlisha, kutoa na kupima umbali. Hayo tunayaweza. Basi tuitumie mashine, isije ikatutumia sisi.

MANENO MAGUMU

Kipanya: kifaa kidogo kinachosukumwa juu ya meza ili kuelekeza kompyuta.
Kumbukumbu ya kompyuta: nafasi ambamo mashine huweka maandishi, namba na maagizo.
Msuguano: ukinzani unaopunguza mwendo vitu viwili vikisuguana.
Pembe: mahali mistari miwili inapokutana, pia kiasi ilivyopanuka mistari hiyo.
Programu: mfululizo wa maagizo ambayo kompyuta huyafuata.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini alama kamili ya snuka ni 147? Onyesheni hesabu ubaoni.
2. Mpira uko 20 na 30. Kila mkupuo unaongeza 2 kulia na 5 mbele. Baada ya mikupuo sita utakuwa wapi?
3. Watu 10 wakipeana mikono, kila mtu na kila mwenzake, mikono itashikwa mara ngapi?
4. Katika kijiji chenu, vijana hutumia kiasi gani kwa wiki katika michezo ya simu au ya meza? Ulizeni, msikisie. Kisha mjadiliane lipi lifanyike.